Jamii katika Wikipedia: namna makala za Kolwezi na Lualaba zinavyopangwa

Tuseme mwanafunzi wa Kapata amepewa na mwalimu kazi ya kuandika juu ya mito na maziwa ya Lualaba. Hana kitabu. Ananunua mega kidogo, anafungua Wikipedia ya Kiswahili kwenye simu, anaandika jina la mto mmoja anaoujua na anapata makala yake. Na ile mingine asiyoijua majina? Huwezi kutafuta kwa jina kitu ambacho jina lake hulijui. Hapo ndipo jamii zinapofanya kazi.

Jamii ni kundi la makala zinazohusu vitu vya aina moja: miji, mito, migodi, wanasiasa, lugha. Majina yake yanakaa chini kabisa ya makala. Ukibonyeza jina moja, unafunguliwa ukurasa wenye orodha ya makala zote za kundi hilo kwa mpangilio wa alfabeti. Makala ambayo haina jamii ipo, lakini anayeifikia ni yule tu ambaye tayari anajua jina lake.

Sisi tuliozoea Kiswahili cha Katanga tuangalie hapo kidogo. Kwetu neno «jamaa» ni watu wa familia, na wazee wa Kolwezi wanakumbuka pia Jamaa, ule mwendo wa kidini ulioanza kule Ruwe katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya padri Mfransisko Placide Tempels. Katika Wikipedia neno ni «jamii», na maana yake ni kundi la kupangia makala. Kwenye Wikipedia ya Kifaransa kazi hiyohiyo inaitwa «Catégorie».

Zilianza lini?

Wikipedia ilianza kwa Kiingereza Januari 2001, na ile ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Inaandikwa na watu wa kujitolea, na kila mtu anaweza kusahihisha. Miaka ya kwanza hakukuwa na jamii. Watu walitengeneza orodha kwa mkono: mtu akiandika makala mpya, ilibidi mwingine akumbuke kwenda kuongeza jina lake kwenye orodha. Wengi walisahau.

Mwaka 2004 programu inayoendesha Wikipedia ilipata jamii. Tangu hapo, mwandishi anaandika jina la jamii ndani ya makala yenyewe na programu inajaza orodha peke yake. Ukiondoa lile jina, makala inatoka kwenye orodha. Jina la makala likibadilika, orodha inafuata.

Kila lugha ina mpango wake wa jamii. Kazi uliyofanya kwenye Wikipedia ya Kifaransa haihamii yenyewe kwenye ya Kiswahili. Makala za lugha mbalimbali zinaunganishwa na Wikidata, hazina ya data iliyoanza mwaka 2012, lakini jamii za kila makala lazima mtu aziandike kwa lugha yake.

Zinafanyaje kazi?

Ukifungua sehemu ya kuhariri chanzo cha makala, utaona kule mwishoni mistari kama huu:

[[Jamii:Kolwezi]]

Ni hivyo tu: mabano mraba mawili, neno «Jamii», nukta mbili, jina la kundi, kisha mabano ya kufunga. Ukihifadhi, makala inaingia kwenye kundi.

Kila jamii nayo ina ukurasa wake, na ukurasa huo unapaswa kuwekwa ndani ya jamii kubwa zaidi. Ni kama anwani. Ukiulizwa unaishi wapi unasema kartie, halafu komini, halafu mji, halafu jimbo. Kolwezi ina komini mbili, Dilala na Manika. Tukipanga kuanzia juu kwenda chini tunapata ngazi hii:

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo
Majimbo ya Kongo
Lualaba
Kolwezi
makala yenyewe

Mtu akiingia kwa mlango wa juu anashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini. Akiingia kwa mlango wa chini anaweza kupanda. Yule mwanafunzi wetu anatoka kwenye makala ya mto mmoja, anabonyeza jamii ya mito, na anakuta mingine yote iliyokwisha kuandikwa.

(Majina ya jamii tunayotumia hapa ni mifano ya kufundishia. Kabla ya kuandika, angalia kwanza ni jina gani tayari linatumika.)

Makala moja inaweza kukaa katika jamii kadhaa. Chukua Mto Lualaba. Unaanzia Katanga ya kusini, unapita Nzilo karibu na Kolwezi penye bwawa la umeme, unaingia bonde la Upemba, unapita Kongolo, unafika Kindu, halafu unashuka hadi Kisangani, ambako unaanza kuitwa Mto Kongo. Mtu wa Maniema ana haki ya kuukuta katika jamii ya jimbo lake sawa na mtu wa Lualaba. Kwa hiyo makala yake inaingia katika jamii ya mito ya Kongo na katika jamii ya kila jimbo unalopita.

Ugumu wa kwetu: jimbo lililobadilika jina

Huku kwetu kupanga kunataka mtu anayejua historia, maana mahali palepale pamebadilika jina mara nyingi.

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, wakati wa Kongo ya Wabelgiji, katika eneo la Katanga. Baada ya uhuru, Katanga iligawanywa, na kati ya 1963 na 1966 kulikuwa na jimbo lililoitwa Lualaba. Likafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Zaire, Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1997 jina la Katanga likarudi. Mwaka 2015, kwa kufuata Katiba ya 2006 iliyopanga majimbo 26 pamoja na Kinshasa, Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Kolwezi ukawa makao makuu ya Lualaba.

Sasa, makala nyingi duniani ziliandikwa kabla ya 2015. Makala ya mji wa Lualaba iliyoandikwa mwaka 2010 iliwekwa chini ya Katanga, na wakati ule ilikuwa sahihi. Ikiachwa hapo bila mtu kuigusa, mtoto wa leo anayefungua jamii ya Lualaba haioni. Atadhani hakuna aliyeandika kitu, kumbe kimeandikwa na kimekaa kwenye nyumba ya zamani.

Dawa yake ni kujiuliza swali moja: makala inahusu kitu kilichopo leo, au tukio lililopita?

Kitu kilichopo leo, kama mji, mto, ziwa au mgodi, kiwekwe chini ya jimbo la leo. Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa ni teritwari za Lualaba, kwa hiyo makala zake ziende Lualaba. Makala ya Likasi isije huku, maana Likasi imebaki Haut-Katanga.

Tukio la zamani liwekwe chini ya jina la wakati wake. Vita vya Kolwezi vya Mei 1978, wapiganaji walipotoka Angola na wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa wakashuka juu ya mji, vilitokea Zaire, katika jimbo la Shaba. Makala yake iingie katika jamii ya historia ya Zaire. Iingie pia katika jamii ya Kolwezi, maana mji ni uleule, na mtu wa Kolwezi anayetafuta historia ya mji wake lazima aikute.

Na jamii ya Katanga isifutwe. Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960, Katanga ya Union Minière, Katanga ya Msiri: hiyo ni historia yenye makala zake. Ibaki kama jamii ya jimbo la zamani, na ndani yake pawe na njia ya kuwapeleka wasomaji kwenye majimbo manne ya leo.

Jina moja vitu viwili, kitu kimoja majina mawili

«Lualaba» ni mto na ni jimbo. «Shaba» ni madini, na ilikuwa jina la jimbo. «Tanganyika» ni ziwa, ni jimbo la Kongo, na ilikuwa nchi kabla ya kuungana na Zanzibar mwaka 1964. Jamii yenye jina fupi kama hayo itajaa vitu visivyohusiana. Bora jina lieleze wazi: «Jimbo la Lualaba», «Mto Lualaba».

Shida ya pili ni kinyume chake. Mmoja anasema mkoa, mwingine jimbo, wa tatu anatumia neno la Kifaransa moja kwa moja. Wote wako sawa wanapoongea. Lakini mmoja akitengeneza «Miji ya mkoa wa Lualaba» na mwingine «Miji ya jimbo la Lualaba», makala zitagawanyika nusu kwa nusu na hakuna orodha itakayokuwa kamili. Ndiyo maana mkubwa wa kanuni zote ni huu: tafuta kwanza, tengeneza baadaye. Ukikuta jina ambalo wewe usingelichagua, litumie tu kama linaeleweka. Kama ni baya kweli, leta hoja kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kuhamisha makala za watu.

Kanuni ambazo wahariri wanazifuata

Moja: jamii inajibu swali «hiki ni kitu gani?» Haijibu swali «ndani yake kumetajwa nini?» Makala ya Kolwezi inaweza kutaja reli, kipindupindu, mpira na bei ya kobalti. Hiyo haiingizi Kolwezi katika jamii ya magonjwa.

Mbili: chagua ngazi ya chini inayofaa. Ukishaweka makala katika jamii ya Kolwezi, usiiweke tena katika Lualaba na tena katika Kongo nzima. Tayari imo, kwa kupitia ngazi. Ukiweka kila kitu juu, jamii ya Kongo itakuwa na mamia ya makala zilizochanganyika, na ukurasa wa jamii unaonyesha makala 200 tu kwa mara moja.

Tatu: usifanye mzunguko. Kolwezi ikiwa ndani ya Lualaba, Lualaba isiwekwe ndani ya Kolwezi. Msomaji atazunguka kama mtu aliyepotea kwenye mashimo.

Nne: usitengeneze jamii ya makala moja. Subiri zifike kadhaa.

Tano: majina ya watu yapangwe kwa jina la ukoo. Moïse Tshombe alizaliwa Musumba, mji mkuu wa Mwant Yav, ambao leo uko Lualaba. Kwa kawaida programu ingemweka kwenye herufi M. Ili akae kwenye T pamoja na wenzake, unaandika hivi:

[[Jamii:Waliozaliwa 1919|Tshombe, Moïse]]

Mstari ule wa wima unaiambia programu ipange kwa maneno yanayofuata. Makala hiyo itapata pia «Waliofariki 1969» na jamii ya wanasiasa wa Kongo. Kwa mtu ambaye bado yuko hai kuna «Watu walio hai», na makala za namna hiyo zinaangaliwa kwa uangalifu zaidi.

Kapata si mgodi

Tuje nyumbani. Kapata ni makazi yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, upande wa kusini-magharibi wa Kolwezi, karibu na ziwa Malo. Union Minière ilitaifishwa, Gécamines ikachukua nafasi yake mwaka 1967, na Gécamines iliposhuka wengi waligeukia uchimbaji wa mikono. Kwa hiyo duniani jina la Kapata linatajwa sana kwenye habari za kobalti na za watoto wanaofanya kazi ya madini. Habari hizo zina ukweli, na makala ya Kapata inapaswa kuzieleza pamoja na vyanzo vyake.

Lakini kwenye jamii, swali ni lile la kwanza: Kapata ni kitu gani? Ni mahali ambapo watu wanaishi, wanasoma, wanasali, wanacheza mpira. Jamii yake ya kwanza ni makazi ya Kolwezi. Mtu wa mbali ambaye amesoma habari moja tu angeiweka chini ya «Migodi ya Kongo» na angeondoka akidhani amefanya vizuri. Baada ya hapo, kila anayefungua orodha ya migodi angeikuta Kapata kati ya Kamoto na Mutanda, kama shimo mojawapo.

Kasulo ni swali gumu zaidi. Ni kartie ya Kolwezi, lakini tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya parseli zao, chini ya nyumba. Hapo mtu anaweza kutetea jamii mbili, makazi na uchimbaji wa mikono, kwa kuwa vyanzo vingi vinaieleza Kasulo kwa mambo yote mawili. Anayeweza kuona tofauti kati ya Kapata na Kasulo ni mtu anayepajua. Programu haiwezi, na mhariri aliyekaa Ulaya atapata shida.

Kuna pia makala ambazo zingeonyesha sura nyingine ya mji. Kolwezite, kwa mfano, ni madini ya shaba na kobalti yaliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1980 kutoka mgodi wa Musonoi, na yamebeba jina la Kolwezi. Makala kama hiyo inakaa vizuri katika jamii ya madini na katika jamii ya Kolwezi. Ule mwendo wa Jamaa unakaa katika dini nchini Kongo na pia katika historia ya Kolwezi. Mtu akifungua jamii ya mji wetu na kukuta dini, sayansi, mito na watu, hatatoka akisema kwamba Kolwezi ni vita na mashimo tu.

Jamii za watu: hapa tuwe waangalifu

Kupanga mito hakumuumizi mtu. Kupanga watu kunaweza kuumiza.

Huku kwetu tunajua uzito wa kumwita mtu «mwenyeji» au «mgeni». Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zilikaa kwenye stesheni zikingoja treni, na wengine walifia hapo na njiani. Kati yao walikuwemo watu waliozaliwa hukuhuku, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kompani.

Kwa hiyo jamii inayogawa watu wa Lualaba kuwa wa asili na wa kuja isitengenezwe. Kabila, dini au kesi ya mtu aliye hai isiandikwe kama jamii kwa sababu tu jina lake linaonyesha au kwa sababu watu wanasema. Wikipedia inataka chanzo cha kuaminika, na jambo lenyewe liwe linahusu kile ambacho mtu huyo anajulikana nacho. Ndani ya makala unaweza kueleza kwa sentensi tatu, ukataja nani amesema na lini. Jamii haina nafasi ya maelezo. Ni neno moja lililobandikwa juu ya mtu. Ukiwa na wasiwasi, usiweke.

Uanzie wapi?

Huhitaji kompyuta, na huhitaji kuwa mwandishi. Kupanga ni kazi ndogo ambayo mtu anafanya kwa dakika chache.

Kwanza, fungua akaunti. Si lazima, lakini inasaidia wengine kuongea na wewe.

Pili, kwenye simu mara nyingi jamii hazionekani. Shuka mpaka chini ya ukurasa, utakuta kiungo cha kubadili kwenda mwonekano wa kompyuta. Bonyeza hapo na zitaonekana.

Tatu, tafuta makala ya mahali unapopajua: teritwari yako, mto wenu, ziwa lenu. Soma jamii zake. Jiulize: jimbo ni la leo? Kitu ni kile kweli? Kuna kundi linalokosekana?

Nne, tafuta makala mbili au tatu zinazofanana nayo na uone wenzako wametumia majina gani. Tumia hayohayo.

Tano, hariri, andika kwa kifupi sababu yako katika nafasi ya muhtasari, kwa mfano «Kolwezi iko Lualaba tangu 2015», kisha hifadhi. Ukikosea, kila toleo la zamani limehifadhiwa na linaweza kurudishwa. Mtu akirudisha ulichofanya, usikasirike. Muulize kwenye ukurasa wa majadiliano.

Ukifanya hivyo kwa makala tano tu za Lualaba, yule mwanafunzi wa Kapata akifungua tena simu yake atakuta orodha. Mega zake hazitaisha bure.